Zimebaki Nafasi Mbili

Siku ya kwanza nilipokabidhiwa ubao wa taa pale steji ya mabasi ya Machakos, niliupandia kwa ngazi nikiwa na kitambaa na chupa ya thina, nikajaribu kuufuta.

Ndiyo, chekeni. Nyinyi mmezaliwa na simu mkononi. Mimi nilikuwa mwandishi wa vibao kwa rangi na brashi, na kwa miaka yote ile neno likikosewa lilitolewa kwa thina. Sasa hapa kuna maneno mekundu yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto, maneno ya majaribio aliyoyaacha fundi aliyeufunga, na mimi nimeambiwa, "Toa hayo, weka ya Nairobi." Nikalowesha kitambaa, nikasugua. Maneno yakapita chini ya mkono wangu bila hata kunisalimia. Nikasugua kwa nguvu zaidi. Kile nilichodhani ni kioo kilikuwa plastiki, kikaanza kupauka kwenye kona kama maziwa yaliyomwagwa majini. Chini, wapiga debe walikuwa wameacha kazi zao zote.

"Fundi, yashike! Hayo yanaenda Kitui!"

"Yangoje yakirudi, mzee, yangoje!"

Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Kidato cha nne nilimaliza. Nilishuka ngazi nikinukia thina, nikaonyeshwa kibodi iliyokuwa mezani ndani ya kibanda muda wote huo.

Ningependa niwaambie kwamba huo ndio upumbavu wangu mkubwa katika kazi ile. Kama ungekuwa huo, leo ningekuwa nasimulia nikicheka na nyinyi. Lakini ninachoandika hapa ni habari ya msichana wa jirani yangu, Kanini, aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Nairobi, na jinsi nafasi hiyo ilivyopotea kwa maneno niliyoandika mimi kwa vidole vyangu. Nitapitia mambo mengine njiani, maana mimi nikianza hadithi huzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini ni kwa Kanini tunakoenda.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwetu ni Mumbuni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini, na kila uamuzi wa maisha yangu niliufanya kwa kuuliza swali moja: nitarudi kula muthokoi wa mke wangu saa saba? Kazi ikijibu hapana, niliikataa. Nimeandika neno MOMBASA kwenye vibao pengine mara mia, na bahari sijaiona. WAMUNYU nimeiandika kwa rangi tatu. Nilifika huko mara moja, kwa harusi, nikaumwa na tumbo kwa kulala kitanda cha wenyewe. Mke wangu husema kama ningekuwa mti, hata upepo ungechoka na mimi.

Kuandika vibao nilifundishwa na fundi Mulwa, mtu mfupi mwenye vidole vyenye rangi ambayo haikuwahi kutoka, hata siku anazikwa. Zamani hizo kila basi lilikuwa na kibao cha bati mbele, na ubavuni jina la gari, maua, simba, chochote alichotaka mwenye gari. Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha MITABONI. Nilianza na M kubwa, nzuri, yenye mabega. Nikafika O, nikaona bati limeisha. Zile herufi mbili za mwisho nikazibana pembeni, ndogo, moja juu ya nyingine. Mulwa alikuja akasimama nyuma yangu, akatafuna mdomo.

"Hizi mbili mbona umeziacha zikining'inia mlangoni kama makanga wa basi?"

"Nafasi imeisha, fundi."

"Nafasi haijaisha. Wewe ndio hukupima. Chukua chaki, hesabu herufi, gawanya bati. Na hiyo M ipunguze, inajiona."

Hiyo chaki imenisaidia hata kwenye ubao wa taa, maana ubao nao ulikuwa unaonyesha herufi kumi na sita tu kwa mara moja. Neno refu likikatwa katikati, msafiri husoma nusu na kuondoka. Nimeona watu wakiandika salamu ndefu za kukaribisha wateja, na msafiri anayetembea na mzigo kichwani ana muda wa kusoma maneno matatu. Matatu. La kwanza liwe anakoenda.

Jambo lingine la Mulwa nililiona kwa macho. Tajiri mmoja alikuja na basi linaloishia Voi, akataka kibao kiandikwe MOMBASA. Alikuwa ameshika pesa mkononi. Mulwa akasafisha brashi yake polepole.

"Hii gari inafika Mombasa?"

"Inafika Voi. Huko watapata nyingine."

"Basi nitaandika Voi."

"Fundi, mimi ndiye nalipa."

"Ni sawa. Lakini mama akishushwa Voi na magunia yake, hatakutukana wewe, kwa sababu hakujui. Atatukana ile kibao. Na kibao ni mimi."

Tajiri akaenda kwa mwandishi mwingine, wa upande wa pili wa soko. Mchana huo mimi na Mulwa tulikunywa chai ya rangi bila kitu cha kutafuna. Nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba mzee huyu ataniua na njaa kwa sababu ya mama ambaye hata hatujamwona.

Kisha ukaja ule mwaka wa mistari ya manjano. Wakubwa wenu wanaukumbuka: magari yote ya abiria yakatiwa mikanda, yakapigwa mstari mmoja wa manjano, na michoro yote ikapigwa marufuku. Simba wetu, maua yetu, majina yetu, vyote vikapakwa rangi nyeupe kwa wiki chache. Mulwa alikuwa ameshafariki, na nilishukuru kwamba hakuona. Nilikaa nyumbani miezi mingi nikijifanya napalilia. Shemeji yangu akanitafutia kazi ya ulinzi kiwandani, Athi River, na chumba cha kupanga huko huko, kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Sikulala siku mbili.

Hapo ndipo ubao wa taa ulipokuja kuniokoa. Kampuni moja ya mabasi makubwa ya Nairobi na Kitui ilikuwa imeufunga juu ya kibanda chake pale steji, na ikataka mtu anayejua kuandika na anayejulikana na watu. Ulikuwa na urefu wa mlango uliolazwa, vidoti vyekundu vingi kama upele, na kazi zake zilikuwa mbili: kuwaambia wasafiri basi lipi linaondoka na nafasi ngapi zimebaki, na katikati kupitisha matangazo ya wafanyabiashara wa mji. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Kibanda kilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwa sufuria yangu ya muthokoi.

Msimamizi wa steji aliitwa Mbithi, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na sitamsema vibaya kuliko ninavyojisema mimi. Alinipenda. Aliniita "mwalimu" kwa sababu nilijua mahali pa kuweka nukta.

Matangazo, mwanzoni, yalinitia wazimu wa furaha. Duka la magodoro, bucha, mama wa kushona sare za shule, wote walikuja dirishani kwangu. Akaja na seremala mmoja wa barabara ya Wamunyu. Nikamwekea tangazo lake bila kufikiria linafuata nini. Saa nne asubuhi, basi la Kitui limejaa, watu wamekaa, na ubao unasema: BASI LA KITUI LINAONDOKA SASA. Halafu: JENEZA IMARA, BEI NAFUU.

Mama mmoja wa kiti cha mbele alisoma, akasoma tena, akaanza kuteremsha kikapu chake.

"Mama, unaenda wapi? Tunatoka!" kondakta akamwuliza.

"Nitaenda kesho."

"Kwani ni nini?"

"Wewe husomi? Hiyo imeshasema."

Walishuka watu saba. Mbithi alikuja dirishani akihema. "Mwalimu, unataka kutuzika?" Tangu siku hiyo, kati ya basi na jeneza niliweka godoro. Andikeni hilo mahali: kati ya basi na jeneza, weka godoro. Na tangazo la dawa ya minyoo lisikae karibu na la hoteli. Na jua. Ubao wetu ulielekea magharibi, kwa hivyo kuanzia saa tisa ulikuwa hausomeki, unang'aa tu kama uso wa mtu aliyejipaka mafuta. Matangazo ya maana niliyaweka asubuhi. Nyinyi skrini zenu ni kali, lakini na jua nalo halijastaafu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo bila hilo hamtaelewa lililompata Kanini.

Basi letu haliondoki kwa saa. Linaondoka likijaa. Kwa hivyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia basi tupu, akae humo kama yai kiotani akingoja wengine. Kwa sababu hiyo, tangu zamani, wasimamizi wa steji waliweka watu wa kujaza: wanaume saba, wanane wasio na kazi, wanakaa ndani wameshika gazeti au mfuko, wanajifanya wasafiri. Msafiri wa kweli akiingia, mmoja wao anashuka kama anaenda kununua maji, harudi. Kila mtu wa Machakos alijua mchezo huo, na akina mama walikuwa na kipimo chao: waliangalia viatu. Mtu anayeenda Nairobi amepiga viatu rangi. Mtu wa kujaza ana malapa yenye vumbi. Nimeona mwaitu mmoja, mama wa Kikamba, akiinama mlangoni, akahesabu malapa, akasema kwa sauti, "Hii basi iko na watu wanne," akaondoka zake.

Ubao ulipokuja, miezi ya kwanza nilisema ukweli. Kondakta alinipigia kelele idadi ya nafasi, nami nikaandika. NAIROBI. NAFASI 41. Watu walisoma arobaini na moja, wakageuka, wakaenda kupanda magari madogo upande wa pili. Basi lilikaa hadi saa nne. Mbithi akaja.

"Mwalimu, andika mbili."

"Ziko thelathini na nane."

"Nimekuuliza hesabu? Andika mbili. Hawa matajiri wananiuliza kwa nini basi inalala hapa, na mimi nitawaambia ni ubao. Na ubao ni nani?"

Nilijua ubao ni nani. Niliona chumba cha kupanga Athi River, na kitanda chake, na mwisho wa mwezi. Nikaandika mbili.

Basi lilijaa kwa muda mfupi usioaminika. Watu walikimbia! Wale wale akina mama wa kuhesabu malapa walipita malapa bila kuyaangalia, kwa sababu mpiga debe hudanganya, kondakta hudanganya, lakini hii ni mashine, inatoa hesabu yake ndani huko. Ubao hauna viatu vya kutazamwa.

Na sikuishia hapo. Hili Mbithi hakunifundisha, ni akili yangu mwenyewe ya kidato cha nne. Niligundua kwamba nafasi moja inaogopesha, mtu hudhani atakuta imechukuliwa. Tano zinamfanya aende kwanza kununua ndizi. Mbili ndiyo namba ya kukimbiza mtu. Kisha nikaanza kuandika tatu kwanza, baada ya dakika chache naigeuza kuwa mbili, ili anayesimama akitazama aone kwamba kitu kinapungua. Nikaiwekea kumetameta. Mbithi aliniletea soda siku hiyo. Niliinywa.

Niliwaza Mulwa? Hapana. Laiti ningesema niliwaza. Niliwaza kwamba nimekuwa fundi.

Kanini alikuwa binti wa Mama Kanini, mjane ambaye shamba lake na langu vimetenganishwa na mstari wa mkonge tu. Msichana mrefu, mwenye haya, aliyekuwa anafunga vidonda vya watoto wa kijiji kizima kwa vitambaa vya khanga zilizochakaa. Alimaliza shule, akakaa miaka miwili akiandika barua za maombi. Siku barua ya kukubaliwa ilipokuja, mama yake alivuka mkonge akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto, akaniletea niisome kwa sauti, maana Kanini alikuwa akitetemeka, na mimi ndiye nilikuwa msomi wa maboma yote mawili.

Nikasoma. Afike mwenyewe, Jumatatu, saa nne asubuhi, na vyeti vyake. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine aliye kwenye orodha.

"Rudia hapo pa saa," Mama Kanini akasema.

Nikarudia. Saa nne. Nilisoma mara tatu. Hakuna mtu chini ya jua aliyejua saa ya Kanini kuliko mimi.

Jumatatu ile nilifika kibandani saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kasoro nikamwona anakuja, na sketi yake ya kanisani, na vyeti kwenye bahasha ya kaki aliyoikumbatia kifuani. Upande wa pili wa steji kulikuwa na gari dogo, Nissan ya Nairobi, inayohitaji watu watatu tu, watatu wa kweli, dereva ameshawasha. Na juu ya kichwa changu ubao ulitangaza basi letu kubwa: NAIROBI. NAFASI 2. Inametameta vizuri. Ndani ya basi kulikuwa na wasafiri tisa na watu wetu wa kujaza.

Alisimama katikati. Akatazama Nissan. Akatazama ubao. Kisha akafanya alichofundishwa na mama yake: akaja dirishani kwangu kumwuliza mtu anayemjua.

"Habari ya asubuhi, Baba Mwikali."

"Nzuri, Kanini. Umeamkaje?"

"Niko sawa. Hii basi inatoka saa hii?"

Mbithi alikuwa amesimama nyuma yangu kabisa, anakunywa chai. Nilisikia akimeza.

Vijana, nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko sala. Kulikuwa na maneno mengi yaliyokuwa mepesi. Ningeweza kusema, panda ile ndogo. Ningeweza kukonyeza jicho. Ningeweza kukohoa tu, angeelewa, alikuwa msichana mwerevu. Wala sikusema uongo kwa mdomo wangu, angalieni ujanja wa mwoga. Nilisema:

"Si unaona imeandikwa?"

Akainua uso akasoma. Akatabasamu. "Asante, Baba Mwikali." Akapanda.

Nissan ikaondoka.

Saa moja na nusu alikuwa amekaa dirishani, bahasha mapajani. Saa mbili alikuwa ameanza kugeuza shingo kuangalia waliokaa nyuma yake, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuona malapa. Wakati huo ubao ulikuwa umesema tatu, mbili, tatu, mbili, mara sijui ngapi. Saa mbili na nusu alishuka. Nilimwona anaongea na kondakta, anaomba nauli yake apande gari lingine. Mwajua nauli ikishaingia mkononi mwa kondakta haitoki. Alikuwa na ile tu, na ya kurudi mama yake alikuwa ameishona kwenye ukosi wa blauzi, hakuna pa kuitolea hapo mbele ya wanaume. Alisimama kidogo, akatazama kibanda changu.

Nikageuka kuandika tangazo la magodoro. Sijawahi kuandika tangazo la magodoro kwa umakini kama siku ile. Nilipima herufi zake zote.

Basi liliondoka saa tatu na robo. Alifika kwenye lango la chuo, Nairobi, saa tano na nusu. Alikuta askari na daftari, na kwenye daftari jina lake limepigwa mstari.

Jioni hiyo tulikaa kwa Mama Kanini, majirani wote, kama msibani. Kanini alikuwa ndani amelala amefunika uso. Mtu akasema ni foleni ya magari. Mwingine akasema, ndiyo, Nairobi imeharibika. Mama Kanini alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Na mimi nikafungua mdomo wangu, mimi, nikasema, "Foleni ya pale Mlolongo siku hizi ni mbaya sana." Nikatikisa na kichwa.

Aliomba tena mwaka uliofuata, hakuchukuliwa. Wakapandisha alama wanazotaka. Akaenda Athi River kushona suruali kiwandani, akapanga chumba, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Ndiyo, huko huko nilikokataa kwenda mimi. Kiwanda kilipofunga, alirudi. Sasa anauza mitumba sokoni na ana watoto wawili. Mtoto wa mtu akijikata bado anapelekwa kwake. Anafunga kidonda vizuri sana, na mimi nikiona kile kitambaa cheupe kwenye mguu wa mtoto anayepita, hugeuza uso.

Mnataka kujua ubao uliishaje? Ulikufa kama tunavyokufa sisi, kidogo kidogo. Vidoti vilizimika kimoja kimoja hadi mvua ya Novemba ikaingia ndani, na fundi wa Nairobi simu yake ikawa haipatikani. Waliuteremsha, chuma kikaenda kwa wanunuzi wa vyuma, na Mbithi akachukua fremu akajengea sungura. Mimi nikaambiwa asante. Basi likaendelea kungoja kujaa kama kawaida, na watu wa kujaza wakabaki kwenye viti vyao na magazeti yao. Hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Najua mnaosoma hapa wengine mnafanya kazi ya skrini: za ndani ya mabasi, za vituoni, zile kubwa za barabarani zinazofanya usiku kuwa mchana. Kijana mmoja wa kanisa letu anafanya hiyo, na alinieleza kwamba siku hizi namba huingia zenyewe, hakuna mtu wa kuandika. Nikamwuliza, na namba yenyewe inatoka kwa nani? Akacheka, akasema, "Mzee, wewe ni wa zamani." Ni kweli, mimi ni wa zamani. Lakini nilimwona akifikiri kidogo kabla ya kucheka. Sina ushauri wa kumpa yeye wala nyinyi. Ningekuwa na ushauri ningekuwa nimejipa mwenyewe, mapema, saa moja kasoro asubuhi. Na siamini kwamba mkisoma haya mtafanya tofauti siku msimamizi wenu atakaposimama nyuma yenu akimeza chai. Nilimwona Mulwa akikataa kwa macho yangu mawili, na haikunisaidia.

Nimestaafu sasa, na nimepata kile nilichokitaka maisha yangu yote. Niko nyumbani. Naamka nyumbani, nakula nyumbani saa saba, nalala kitanda changu. Na kila upande ninaogeukia nyumbani kwangu, naona mstari wa mkonge, na nyuma yake shamba la Mama Kanini, na Mama Kanini mwenyewe ameinama. Tunasalimiana kila asubuhi. Miaka yote hii hajawahi kupita bila kuniuliza hali yangu, na kila akiniuliza natamani mkonge uwe mrefu zaidi.

Mwezi uliopita nilishindwa kuendelea hivyo. Mke wangu aliniambia, "Kama utaenda, enda, usinizungukie hapa jikoni." Nikavuka. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nilikataa kiti. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama kama mtoto aliyeletwa ofisini kwa mwalimu: ubao, namba mbili, watu wa kujaza, Nissan iliyokuwa inaondoka, na lile neno nililomjibu mtoto wake. Nilimwambia kwamba hakukuwa na foleni. Nikasema pole. Neno hilo lilitoka dogo sana, mahindi yaliyokuwa yakianguka kwenye beseni yalilifunika.

Aliendelea na gunzi lile hadi likaisha. Akalitupa kwenye rundo, akachukua lingine, akalitazama kama lina minyoo. Kisha akanijibu, wala hakuinua sauti:

"Baba Mwikali, mimi nilijua siku ile ile, Kanini aliniambia. Sisi tunakusalimia tu kwa sababu mashamba yetu yamepakana."